Maswali ya Wasomaji: Anzeni na Bara, Mrudi na Pwani

Swali

Ndugu Mhariri,

Mimi na mume wangu tumedunduliza kwa miaka mitatu ili tufanye safari moja ya maana pamoja na mtoto wetu wa miaka miwili na mama mkwe wangu, ambaye sasa ana miaka 67. Oktoba tutafika Cape Town, tutakodi gari, na tutakuwa na siku saba. Tumepanga kufuata pwani ya Afrika Kusini kuelekea mashariki kwa siku sita hadi Tsitsikamma, hifadhi ya msitu iliyo ufukweni, kisha siku ya saba turudi moja kwa moja kwa barabara kuu ya N2. Wenzetu waliowahi kwenda wanasema ni hasara kurudi bila kuona bara, lakini kila tukihesabu hatuoni siku ya kuliingiza. Je, tuna haja ya kupunguza vituo, au tuliache bara kwa safari nyingine?

Wasafiri Wanne

Jibu

Msiliache bara. Siku saba zinawatosha kuyaona yote mawili, ila nawaomba muugeuze mpango wenu wote: mtoke Cape Town kwa njia ya bara, mvuke milima, kisha mrudi mkiifuata pwani.

Sababu ya kwanza ni ya barabarani kabisa. Afrika Kusini magari hupita upande wa kushoto. Anayetoka Cape Town kwenda mashariki bahari inakuwa kulia kwake, ng'ambo ya njia ya magari yanayokuja, kwa hiyo kila anapotaka kusimama ukingoni kutazama maji hulazimika kukata njia ya wenzake, na abiria aliyekaa kushoto huishia kutazama mwamba uliochongwa. Anayerudi magharibi bahari iko kushoto kwake, nje ya dirisha la abiria, na sehemu za kuegesha ziko upande wake mwenyewe. Mama mkwe wako akikaa kiti cha mbele siku hizo za kurudi, ataiona bahari bila kuinua shingo. Tena mkiondoka asubuhi jua linakuwa mgongoni, na dereva haumizwi macho.

Sababu ya pili ni kwamba siku moja ya kurudi mliyoipanga ina zaidi ya kilomita 550, na kumfunga mtoto wa miaka miwili kwenye kiti kwa muda wote huo ni kumwonea. Katika mpango ninaoupendekeza, mzunguko mzima unakaribia kilomita 1,400, lakini hakuna siku inayozidi kilomita 300 au hivi, na mara mbili mtalala usiku wa pili palepale bila kufungasha mizigo.

Siku ya kwanza shikeni N1 kuelekea Worcester. Baada ya Paarl barabara inagawanyika: mnaweza kupita chini ya mlima kwa handaki la Huguenot, lenye urefu wa karibu kilomita nne na linalolipiwa, au mkapanda juu yake kwa njia ya zamani ya Du Toitskloof. Pandeni juu. Mtapoteza dakika chache na kupata bonde lote chini yenu. Mkitoka Worcester mpite Robertson hadi Montagu, mahali pazuri pa kulala. Siku ya pili ni ya barabara inayoitwa R62, kupitia Barrydale, Ladismith na Calitzdorp hadi Oudtshoorn. Ni barabara ya lami, tulivu, katikati ya safu mbili za milima, na kati ya Ladismith na Calitzdorp inapinda sana kwenye njia ya mlimani ya Huisrivier, kwa hiyo kama mtoto wenu hutapika garini msimpe maziwa kabla ya hapo.

Oudtshoorn mlale usiku mbili. Asubuhi ya siku ya tatu nendeni kwenye mapango ya Cango, umbali wa kilomita 30 hivi kutoka mjini. Huingii humo bila kiongozi, na kuna ziara za aina mbili: ya kawaida, inayopita katika kumbi kubwa zenye nguzo za mawe zilizojengwa na matone ya maji yenye chokaa, na nyingine ya wanaotaka kutambaa kwenye mianya myembamba. Kwa mzee na mtoto chagueni ya kawaida, mkijua kwamba nayo ina ngazi nyingi, na muagize nafasi mapema, kwa kuwa Oktoba wageni si haba.

Karibu na mapango ndipo inapoanzia njia ya mlimani ya Swartberg, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu ni sehemu niipendayo kuliko zote. Ilijengwa chini ya mhandisi wa barabara Thomas Bain kwa kazi ya wafungwa, ikafunguliwa mwaka 1888, na inapanda hadi mita 1,583 juu ya usawa wa bahari. Kwenye kona zake kuna kuta za kushikilia barabara zilizopangwa kwa mawe makavu, bila saruji wala chokaa. Nilishuka nikaupapasa ukuta mmoja: kila jiwe limeelemea kidogo kwa ndani, kuelekea mlimani, na kijiwe kidogo kimesukumizwa mahali popote ambapo jiwe kubwa lingetikisika. Zaidi ya miaka 130 ya mvua na theluji imepita juu ya kuta hizo. Aliyezipanga hakuwa na hiari ya kuwa pale, na ilinichukua muda kuondoka.

Lakini njia hiyo ni ya changarawe, ni nyembamba, na huweza kufungwa baada ya mvua kubwa. Kabla ya kuikaribia, someni mkataba wenu wa gari. Nitalieleza hilo katika jibu linalofuata. Mkataba ukikataza, tumieni Meiringspoort, ambako barabara ya lami inaupenya mlima huohuo chini kabisa, ndani ya korongo, ikiuvuka mto mara nyingi. Kuta za mwamba mwekundu zilizokunjamana zimesimama pande zote mbili, na mama mkwe wako hatahitaji kufumba macho kwenye kona hata moja.

Siku ya nne ndiyo itakayowaonyesha kwa nini nimewataka mwanzie bara. Kutoka Oudtshoorn hadi George ni kilomita 60 tu kwa njia ya mlimani ya Outeniqua. Upepo unaotoka Bahari ya Hindi huja na unyevu, hugonga milima hii, hupanda, hupoa, na huimwaga mvua yake upande wa bahari. Ukifika upande wa pili hauna kitu. Kwa hiyo mtaanza asubuhi katika nchi ya vichaka vya kijivu na mashamba ya kufugia ndege aina ya mbuni, na mtamaliza katika msitu. Nilipopita mimi, vumbi la Oudtshoorn lilikuwa bado limekaa kwenye dashibodi. Kileleni wingu lilikuwa limelala juu ya ukingo wa mlima, jeupe, halisogei. Tulishuka kona mbili, wipa zikawa zinafanya kazi, na kupitia dirisha lililofunguliwa kidogo ikaingia harufu ya majani mabichi. Aliyetangulia kuona pwani hushuka kutoka kwenye ukijani kuingia ukame na huona amepoteza kitu. Ninyi mtapewa kitu. Kwenye mteremko ule tumieni gia ndogo ili injini iwasaidie kuzuia gari, msiikalie breki muda wote, na taa ziwake hata kama ni mchana.

Kutoka George mpite Wilderness hadi Knysna na mlale hapo usiku mbili. Siku ya tano nendeni Tsitsikamma bila mizigo, kilomita 100 hivi kwenda. Njiani mtavuka daraja la Bloukrans, lenye kimo cha mita 216 juu ya mto, na wengi hulipita bila kujua urefu walio juu yake. Kwenye mlango wa mto Storms kuna njia ya mbao inayopita msituni hadi daraja la kuning'inia lenye urefu wa mita 77. Ina ngazi, na mama mkwe wako anaweza kubaki ufukweni, ambako mawimbi hupasukia kwenye mawe karibu kabisa na anayetazama. Kwa maoni yangu hatakuwa amekosa kikubwa.

Siku ya sita mrudi magharibi. Simameni Wilderness, mahali ambapo barabara inaitazama pwani ndefu kutoka juu, kisha Mossel Bay, alikofika Mreno Bartolomeu Dias mwaka 1488. Niwe mkweli: baada ya Mossel Bay, N2 inaiacha bahari na kupita kwenye mashamba ya nafaka hadi Swellendam, mtakapolala. Mtoto na alale sehemu hiyo.

Siku ya saba elekeeni Hermanus. Nyangumi wa kusini huja katika ghuba ile kuanzia Juni hadi Novemba, kuzaa na kunyonyesha, na Oktoba wanaonekana hata kwa mtu aliyekaa tu kwenye njia ya miguu juu ya miamba. Hamna haja ya kulipia boti. Mkishatosheka, mrudi Cape Town kwa R44, inayopita Betty's Bay, walipo pengwini, na kisha ikajibana kati ya mlima na maji kutoka Rooi-Els hadi Gordon's Bay. Hiyo ndiyo barabara ya pwani iliyo nzuri kuliko zote za safari yenu, na mtaipita bahari ikiwa kushoto, upande wenu.

Mtaniuliza kuhusu Agulhas, ncha ya kusini kabisa ya Afrika, ambayo watu wengi huichanganya na Rasi ya Tumaini Jema. Kuna mnara wa taa uliowashwa mwaka 1849, na pale ndipo mpaka rasmi wa Bahari ya Hindi na Atlantiki. Ni mahali pa kusimama na kukumbuka, lakini mkipaingiza siku ya saba mtaendesha karibu kilomita 370 na kuwapita nyangumi mbio. Mkipataka sana, acheni Tsitsikamma, na siku mtakayookoa mlale karibu na Agulhas.

Jambo la mwisho kwenu: tangu mwaka 2015 sheria ya huko inataka mtoto wa chini ya miaka mitatu afungwe kwenye kiti chake maalumu. Kiombeni wakati wa kuagiza gari, msingoje mfike.

Swali

Mhariri, hujambo. Kampuni niliyotaka kukodi gari kwao Cape Town inasema bei yao ina bima. Je, inatosha, au kuna la kuangalia zaidi?

Dereva wa Mara ya Kwanza

Jibu

Sijambo, ndugu yangu. Neno "bima" kwenye tangazo halikwambii ni nini kilichoachwa nje. Niliwahi kukodi gari ambalo mkataba wake sikuusoma hadi mwisho. Jiwe likapasua tairi kwenye changarawe, na nikalipa tairi, rimu na gharama ya kuvutwa, kwa sababu ukurasa wa tatu ulisema wazi kwamba matairi, vioo na sehemu ya chini ya gari havimo, na kwamba barabara isiyo ya lami inafuta bima yote. Waliyoniandikia yalikuwa halali. Mimi ndiye niliyetia saini kaunta huku watu wakinisubiri nyuma.

Kwa hiyo omba mkataba kwa barua pepe kabla ya kusafiri na uulize mambo manne: matairi na vioo vimo? Changarawe inaruhusiwa? Ajali ikitokea, sehemu yako ya kulipa ni kiasi gani? Na dhamana inazuiwa kwenye kadi ya aina gani, maana kampuni nyingi hukataa kadi isiyo ya mkopo? Siku ya kupokea gari lipige picha pande zote, rimu na tairi la akiba pia, mbele ya mhudumu. Leseni yako iwe na picha na saini, na iwe katika mojawapo ya lugha rasmi za nchi hiyo, Kiingereza kikiwamo. La sivyo, beba leseni ya kimataifa.

Kwa kuwa ni mara yako ya kwanza huko, jua pia kwamba kwenye njia panda yenye alama ya kusimama pande zote nne, aliyefika kwanza ndiye anayeondoka kwanza, hata kama barabara yake ni ndogo. Na usiendeshe usiku nje ya miji. Wanyama na watembea kwa miguu hawaonekani.

Swali

Sisi pia tunataka kuzunguka bara na pwani kutoka Cape Town, lakini likizo yetu ni Juni. Je, tusubiri mwakani?

Walimu Wawili

Jibu

Msisubiri, ila mbadilishe uzito wa safari. Juni ni majira ya baridi na mvua upande wa Cape Town, na jua huzama kabla ya saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo kila siku mna saa chache zaidi za barabarani kuliko wanaokwenda Oktoba. Bara, nyuma ya milima, kwa kawaida ni kukavu na anga yake ni safi. Ongezeni usiku mmoja Oudtshoorn au Montagu na mpunguze mmoja pwani. Swartberg huanguka theluji mara nyingine na njia ya juu ikafungwa, basi ulizeni asubuhi hiyohiyo mlikolala kabla ya kuondoka. Mabweni na nyumba za wageni hupunguza bei msimu huo, na nyangumi wa kwanza huwa wameanza kufika Hermanus. Bebeni makoti mazito, kwa sababu usiku wa Oudtshoorn maji yaliyoachwa kwenye kioo cha gari yanaweza kukutwa yameganda asubuhi.