Kazi ya saa nane usiku: majibu yake yanaenda wapi?

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya seva hapa Lubumbashi, swali ninaloulizwa zaidi ni hili: "Nimeweka kazi kwenye crontab, mbona sioni kitu kwenye terminali?" Hutaona. Cron, programu inayoamsha kazi kwa saa zilizoandikwa kwenye orodha iitwayo crontab, huendesha kazi yako bila terminali, hata kama saa hiyo umekaa mbele ya skrini. Maandishi yote huyakusanya na kumtumia mwenye crontab kwa barua ya ndani ya mashine. Seva isiyo na programu ya barua, na za Debian na Ubuntu za namna hiyo ni nyingi, huyatupa. Kwenye logi, yaani kumbukumbu za mashine, unabaki mstari huu tu: "No MTA installed, discarding output".

Ndiyo maana nawasihi muamue majibu yaende wapi siku ileile mnapoandika kazi, kama hii ya kila siku saa nane usiku (0 ni dakika, 2 ni saa):

0 2 * * * /home/kazi/nakala.sh >> /home/kazi/nakala.log 2>&1

Tazameni mwisho wa mstari. Alama >> huongeza chini ya yaliyopo. Ukiweka > moja, kila usiku unafuta habari za jana. 2>&1 hupeleka makosa kwenye faili hilohilo, na lazima ije nyuma. Ukiitanguliza, makosa hayaingii kwenye faili, na hayo ndiyo unayoyahitaji kuliko yote. Mimi huanza kila skripti kwa amri ya date, nijue kila fungu ni la usiku gani. Kusoma mistari mipya inapoingia, tail -f inatosha. Kama logi huzungushwa, yaani faili la zamani huwekwa kando na jipya kufunguliwa, tumia tail -F.

Faili likiwa tupu, usikimbilie kubadili skripti. Uliza kwanza kama kazi iliamshwa: grep CRON /var/log/syslog, au journalctl -u cron. Halafu angalia saa kwa timedatectl, kwa sababu cron hufuata saa ya seva. Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja, UTC (saa ya kimataifa) kwa saa mbili. Kwenye seva ya UTC, ile 2 ya crontab kwetu ni saa kumi alfajiri. Ukifungua faili saa tisa, kazi haijaanza bado.

Na umeme ukikatika saa hiyo mashine ikazimika, cron hairudii kazi iliyopitwa, husubiri kesho. Kwa mashine za namna hiyo, kazi za kila siku zipeni anacron, inayoendesha kazi iliyopitwa mashine ikiwaka tena.