Mjumbe wa bodi ya shule akimtusi mtoto kwa rangi yake: tulivyofanya sisi

Dada uliyeuliza juzi, umesema mjumbe wa bodi ya shule huko Marekani, yaani baraza linalosimamia shule zote za umma za eneo, aliwaambia watoto weusi wa shule ya mwanao warudi walikotoka, na mkuu wa shule akakujibu kwamba yeye hana mamlaka juu ya mjumbe. Nimelisoma swali lako mara tatu, maana nasi tumepitia humo humo. Jimbo na wilaya yetu ya shule sitazitaja, wanangu bado wanasoma pale.

Binti yangu alikuwa na miaka kumi na miwili. Siku hiyo wajumbe wawili wa bodi walitembelea shule. Watoto wetu watano walikuwa wamekaa meza moja wakati wa chakula, wanapiga soga kwa Kiswahili. Mjumbe mmoja akasimama nyuma yao akasema hapa si porini, watu huongea lugha ya watu, kisha akatoa mlio wa nyani. Mwalimu wa zamu alisikia. Akageuka upande wa pili.

Binti hakuniambia kitu. Usiku nilikuwa nakagua daftari lake la hesabu, nikakuta ukurasa wa mwisho ameandika kwa penseli: tarehe, saa, meza ya tatu kutoka dirishani, majina ya waliokuwepo, halafu maneno ya yule mzee kwa Kiingereza kama yalivyotoka. Kwenye neno moja alikuwa amekandamiza penseli mpaka karatasi ikatoboka. Nikamuuliza mbona ameandika badala ya kuja kuniambia. Akanijibu, "Mama, nilijua watasema hatukusikia vizuri."

Mimi mtu mzima nikafanya kinyume cha alivyofanya mtoto. Asubuhi nilikwenda shuleni na hasira zangu, nikazungumza na mkuu wa shule karibu saa nzima. Akanisikiliza, akanipa pole, akasema atafuatilia. Mwezi ukapita. Niliporudi hapakuwa hata na mstari mmoja unaoonyesha kwamba niliwahi kukanyaga ofisi ile. Ndiyo maana nakuambia dada, ulichozungumza naye kwa mdomo kihesabu hakipo. Keti leo uandike barua pepe moja, uitume kwa mkuu wa shule, kwa msimamizi mkuu wa wilaya, na kwa wajumbe wote wa bodi kwa pamoja. Weka tarehe, mahali, maneno yaliyosemwa, waliosikia, na unachotaka kifanyike. Usitukane hata kidogo.

Kwa nini naling'ang'ania jambo la maandishi? Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, sehemu yake ya sita, inakataza ubaguzi wa rangi na asili katika shule yoyote inayopokea fedha za serikali kuu, na karibu wilaya zote za shule za umma zinapokea. Kesi za unyanyasaji zikifika mahakamani, swali kubwa huwa ni hili: je, mwenye mamlaka alijua, na alipojua alifanya nini? Mwaka 2012 mahakama ya rufaa iliyoko New York iliidhinisha fidia ya dola milioni 1 kwa mwanafunzi aliyebaguliwa na wenzake zaidi ya miaka mitatu, kwa kuwa wilaya ilijua na hatua ilizochukua hazikutosha. Barua yako ndiyo inayowafanya wajue. Baada ya hapo hakuna wa kusema hakuambiwa.

Mkuu wa shule hakukudanganya kuhusu mamlaka. Mjumbe kwa kawaida huchaguliwa na wapigakura, na bodi ndiyo inayomwajiri msimamizi mkuu, kwa hiyo waliopo chini hawawezi kumfukuza aliye juu. Lakini kuwalinda watoto ndani ya jengo lake ni kazi yake, na hiyo hawezi kuikimbia. Mwombe kwa maandishi mjumbe yule asiingie tena shuleni bila mtu wa kuongozana naye. Sisi tuliomba hivyo, na ndilo jambo la kwanza tulilolipata.

Halafu mkutano wa bodi. Hufanyika hadharani, na kwetu kila mwananchi anapewa dakika tatu. Mbele ya kipaza sauti pana taa ndogo, kijani, njano, nyekundu, na ikiwaka nyekundu wanakukata hata kama sentensi iko katikati. Tulikuwa wazazi kumi na wanne. Tuligawana habari kama watu wanaobeba mzigo mmoja: wa kwanza alieleza tukio tu, wa pili akasoma sera ya wilaya yenyewe kuhusu unyanyasaji, wa tatu akasoma tarehe za barua zetu ambazo hazikujibiwa, na kuendelea. Mama mmoja wa Kikongo alizungumza Kiswahili kupitia mkalimani, pole pole, akimtazama yule mzee usoni. Ukumbi ulinyamaza kabisa. Nawasihi akina mama wenye Kiingereza cha shida, msibaki nyumbani. Wilaya inapaswa kuwasiliana nanyi kwa lugha mnayoielewa, bila malipo, na msikubali mtoto ndiye awe mkalimani wa matusi aliyotukanwa mwenyewe. California sheria inampa anayezungumza kupitia mkalimani muda mara mbili. Kwingine ulizieni mapema.

Bodi yenyewe inaweza kumkaripia rasmi mwenzao. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Marekani, majaji wote kwa kauli moja, ilisema karipio la maneno kutoka kwa wajumbe wenzake halivunji uhuru wa maoni wa mjumbe. Kwa hiyo wakikuambia mikono yao imefungwa, wakumbushe hilo. Kwetu walipiga kura, akakaripiwa, na akaondolewa kwenye kamati zake. Kiti alibaki nacho. Nisikufiche, jambo lile liliniuma, na bado linaniuma. Kumwondoa kabisa kwa kawaida ni kazi ya wapigakura. Baadhi ya majimbo yanaruhusu kura ya kumrudisha mjumbe nyumbani kabla ya muda wake, kama jiji la San Francisco, California, walivyowaondoa watatu Februari 2022. Majimbo mengine hayana njia hiyo, inabidi kusubiri uchaguzi. Wa kwetu tulisubiri, na aliposhindwa tulikuwa tumeshaandikisha wapigakura wapya nyumba kwa nyumba. Kama hujapata uraia, mahali pengi kupiga kura huwezi, lakini kuzungumza mkutanoni unaweza.

Sambamba na hayo, peleka malalamiko Ofisi ya Haki za Kiraia ya Wizara ya Elimu. Ni bure, huhitaji wakili, na hata asiye mzazi anaweza kupeleka. Siku ni 180 tangu tukio. Machi 2025 wizara ilipunguza karibu nusu ya wafanyakazi wake na kufunga ofisi saba kati ya kumi na mbili za haki za kiraia, kwa hiyo usitegemee mlango huo peke yake. Angalia kama jimbo lenu lina chombo chake cha haki za kiraia, upeleke nako. Bado nasema upeleke, na Wizara ya Sheria ya serikali kuu nayo ina meno: mwaka 2021 ilifikia makubaliano na wilaya ya Davis, Utah, baada ya kukuta unyanyasaji mkubwa wa wanafunzi weusi na wenye asili ya Asia uliopuuzwa kwa miaka.

Kuna hofu uliyoiandika mwishoni, kwamba watamlipizia mtoto. Kulipiza nako kumekatazwa na kanuni zile zile za haki za kiraia. Alama zikishuka ghafla au adhabu zikianza, andika tarehe, kisha omba faili lake: sheria ya rekodi za wanafunzi ya 1974 inakupa haki ya kuliona ndani ya siku 45.

Umesema ni wiki tatu tangu mjumbe wenu atamke maneno yale. Muulize mwanao leo usiku, taratibu, akiwa ameshakula, ni nani mwingine alikuwepo. Andika majina yote, kisha wapigie wazazi wao kabla ya Jumatatu.