Maswali ya Wasomaji: Disketi za marehemu ami

SWALI: Mhariri, assalaam alaykum. Marehemu ami yangu alikuwa akinakili tenzi za wazee wetu kwa kompyuta, na ametuachia kasha la disketi za inchi 3.5. Nimeandika programu kwa Python, lugha ya kuandikia programu, inayotoa faili zake kupitia kisoma disketi cha USB. Baadhi zimesomeka, lakini kwa nyingine kompyuta hunitaka nizifomati, yaani niziandae upya, kwanza, na moja ina madoa meupe. Programu yangu imepungukiwa na nini?
Msomaji wa Langoni, Lamu

JIBU: Wa alaykumu salaam, na Mwenyezi Mungu amrehemu ami yako. Kwanza kabisa, usikubali kufomati: ujumbe huo una maana kwamba kompyuta haikuuelewa mpangilio wa disketi, si kwamba disketi ni tupu. Sogeza kile kiplastiki cha pembeni mpaka tundu lake liwe wazi, ili chochote kisiweze kuandikwa juu yake. Ile yenye madoa iweke kando. Huenda ni kuvu, inayostawi kwa unyevu wa pwani yetu, na kwa kuwa kichwa cha kusomea hugusa utando wenyewe, kuvu hiyo inaweza kuhamia kwenye kichwa na kuziharibu disketi zitakazofuata.

Sasa tuje kwenye programu. Inakimbilia faili kabla haijahifadhi disketi nzima. Disketi ya megabaiti 1.44 ina njia 80 za duara kila upande, na kila njia ina sekta, yaani vipande, 18 za baiti 512, jumla kwa pande zote mbili baiti 1,474,560. Zinakili zote kwa mfuatano, hata zisizomo katika faili yoyote. Katika mpangilio wa DOS, mfumo wa zamani wa kompyuta, kufuta faili hubadilisha herufi ya kwanza ya jina lake na kuziachilia sekta zake, na maneno hubaki palepale mpaka yaandikwe mengine juu yake. Kwa hiyo huenda beti alizoziacha ami yako bado zipo, na mimi nazithamini sawa na nakala safi, kwa sababu zinaonyesha jinsi mnakili alivyofikiri. Sekta isiyosomeka isijazwe sufuri kimyakimya. Programu iandike namba yake katika faili ya kando, iendelee na zilizo nyepesi, kisha izirudie ngumu.

Hata hivyo, kisoma disketi cha USB hutoa sekta zilizokwisha kufasiriwa, tena kwa mipangilio michache tu. Disketi ya kompyuta ya zamani ya Amiga, ya kilobaiti 880, hakitaiweza. Hapo utahitaji Greaseweazle, kibao cha saketi alichokibuni Keir Fraser, ambacho huunganisha kwa USB kisoma disketi cha zamani kilichotolewa ndani ya kompyuta na kurekodi muda kati ya geuko moja la sumaku na jingine, muda ambao ndio unaobeba maandishi. Kwa disketi ya 1.44 muda huo huwa takribani maikrosekunde 2, 3 au 4. Disketi iliyochoka yaweza kukupa 2.5, na ni juu ya programu kuamua kama ni 2 au 3, kisha hesabu ya ukaguzi iliyoandikwa mwishoni mwa sekta ndiyo inayothibitisha. Ukishazihifadhi nyakati hizo, utaweza kuamua upya kila utakapoboresha programu yako, bila kuigusa tena disketi. Programu za kompyuta za kibao hicho ziko wazi kwa wote na zimeandikwa kwa Python, na ningefurahi mno kuona kijana wa Lamu akichangia humo.

Piga picha lebo zote zenye mwandiko wa ami. Faili zikiwa za WordPerfect, programu ya zamani ya kuandikia, programu ya LibreOffice huzifungua, lakini fungua nakala, si ile uliyoihifadhi.