Kabla hujanunua bodi ya ampli, nionyeshe betri kwanza

Juzi msomaji kaniandikia: "Mkuu nimepata bodi ya ampli ya chipu ya TPA3116 ya wati 50 mara mbili, nitumie betri gani ipige kutwa nzima?" Basi, kamaliza. Hajasema spika zake ni omu ngapi (yaani ukinzani wake), hajasema sanduku la muziki atalibeba begani au litakaa kona moja, ila wati anazijua vizuri. Simlaumu manake meseji nyingi ninazopata ziko hivohivo, na tangu niweke picha za sanduku langu jipya zimezidi (linapiga asubuhi mpaka jioni bila kuguswa chaja, niacheni nijisifu kidogo), nikaona bora niandike mara moja niwe natuma linki.

Jibu fupi ni kwamba mmeanza mwisho. Betri ndo inachaguliwa kwanza, afu spika, afu bodi ya ampli inakuja mwishoni kabisa kwa sababu ndo kitu rahisi kuliko vyote kubadilisha.

Bodi haitengenezi wati. Inachota kwenye volti ulizoipa, na zile wati 50 mara mbili ni za volti 21 kwenye spika ya omu 4. Sasa wewe umeipa volti 12. Kwa ampli za aina hii hesabu yake ni volti mara volti, gawanya kwa omu mara mbili, kwahiyo 144 gawa kwa 8 unapata wati 18, na ukifunga spika ya omu 8 zinabaki 9. Tisa! Mtu anarudi analalamika bodi ni feki wakati bodi haina kosa lolote, inatoa kile ilichopewa. Panda mpaka seli nne za lithiamu zilizofuatana, ikijaa ni volti 16.8, na wati 35 unazipata kwenye omu 4, bodi ileile spika ileile. Seli sita zikijaa zinafika 25.2 na mwisho wa hiyo chipu ni 26, hapo unatembea ukingoni, mi siendi huko.

Kuna wanaosema si naweka bodi ya kupandisha volti tu. Unaweza, ila hamna cha bure. Ukitaka wati 60 kutoka betri ya volti 7.4 unavuta zaidi ya ampea 8 hata kabla hujahesabu kinachopotea kama joto, seli zinadidimia, na besi ikigonga muziki unakatika afu unarudi. Nimeletewa masanduku ya hivyo nikatoa bodi ya kupandisha nikaongeza seli, yakapona.

Sasa niwaambie kwanini naongea kwa uchungu. Wakati naanza kusema nitaendesha mfumo mzima kwa betri, ampli, priampu (ile inayoandaa sauti kabla ya ampli), kila kitu, kuna fundi mkubwa tu, mtu wa matransfoma mazito, mtu niliyekuwa namheshimu mno, alinicheka mbele ya wenzangu. Alisema betri ni za toi za watoto, na kwamba mwenye masikio hawezi kufanya huo ujinga. Watu wakacheka naye. Mi nilicheka pia, unafanyaje, lakini nililala nayo ile kauli na mpaka leo nikiikumbuka inachoma. Afu alikuwa anaongea kama vile lithiamu imekuja jana, wakati Sony waliziweka sokoni tangu 1991! Na betri kwa sauti ina kitu ambacho transfoma yake inakitafuta kwa makapasita makubwa kama makopo: umeme wake umenyooka. Haina ile nguruma ya umeme wa ukutani, unafungua sauti mpaka mwisho bila muziki na unasikia kimya. Kwa priampu na vitu vidogo vya hedifoni hamna raha kama hiyo. Betri mbili za volti 9, unaziunga katikati, pale katikati panakuwa graundi, tayari una chanya na hasi bila transfoma. Weka swichi inayokata zote mbili kwa pamoja, na ukumbuke kwamba zile 9 za kuchaji za nikeli nyingi kiukweli ni volti 8.4, kwahiyo usipange hesabu zako kwenye 9.

Ila nisiwadanganye, kimya hicho hakikuja chenyewe, na hapa ndo nataka mkae maana hili ndo swali la pili kwa wingi. Unafunga moduli ya Bluetooth, unaipa umeme kutoka betri ileile ya ampli, unawasha, unasikia kwiiii, tititi, kama kuna mdudu ndani. Mtu anaanza kulaumu betri, ananunua nyingine, kelele iko palepale, anaongeza kapasita, iko palepale. Mi nilikaa na hilo jambo usiku mwingi, nikahamisha waya, nikafunga foili, nikamuuliza kila mtu isipokuwa mmoja mnayemjua. Kumbe betri haihusiki. Moduli na ampli zinaunganishwa upande wa hasi mara mbili, kuna waya wa umeme na kuna waya wa sauti, sasa mkondo wa moduli unaporudi kwenye betri unagawanyika, sehemu inapita njia ya sauti, na ile michakato yake ya kidijitali inaingia kwenye ampli kama vile ni muziki. Ampli inakuza, yenyewe ndo kazi yake.

Jaribio lake ni rahisi, ipe moduli umeme kutoka betri nyingine kabisa, hata pawabenki. Kelele ikiisha umeshajua. Dawa ni kale kadude keusi ka miguu minne kanaitwa B0505S, kanapokea volti 5 kanatoa volti 5, watu wanauliza sasa kana faida gani? Faida ni kwamba upande wa kuingia na wa kutoka havigusani kwa waya, ndani kuna transfoma ndogo, hivyo hasi ya moduli inabaki na njia moja tu. Kana wati 1, kwa moduli inatosha kabisa. Siku nilipokafunga nikawasha nikadhani nimekata waya wa spika kwa jinsi palivyotulia. Nilipobonyeza muziki ukaja nilipiga kelele mwenyewe.

Yule fundi hajawahi kusema lolote. Ameona, najua ameona.

Turudi kwenye seli. 18650, yaani upana milimita 18 na urefu 65, ndo wengi mnatumia na mi pia natumia. Ikiandikwa mAh 9900 (ndo kipimo cha umeme inaobeba) achana nayo, seli nzuri nyingi za saizi hiyo zinaishia kama 3500, hakuna muujiza. Seli nzuri inakaribia gramu 45 hadi 50, ukiishika ikawa nyepesi kama ganda tupu basi ni ganda tupu. Mimi nafunga tatu kwa mbili, yaani jozi tatu zinafuatana, kwa seli za 2500 unapata kama saa-wati 55. Muziki hauvuti wati za kilele muda wote, kwa usikilizaji wa kawaida sanduku langu linakula kama wati 5, piga hesabu mwenyewe utaona kwanini naringa.

Na siri ya kutwa nzima haiko kwenye betri peke yake, iko kwenye spika, watu hawanielewi nikisema hivi. Spika inayotoa desibeli 91 kwa wati moja na inayotoa desibeli 85, tofauti ni 6, maana yake hiyo ya pili inahitaji wati mara nne kufika sauti ileile. Mara nne! Umebadilisha spika tu umejiongezea betri tatu ambazo hujazinunua wala hutazibeba. Ndo maana nasema wati za bodi ni kitu cha mwisho, nimeshasema nadhani, narudia.

Kama sanduku halihami, betri ya asidi ya volti 12 saa-ampea 7 inafaa tu, nzito lakini mvumilivu, isipokuwa usiiache imekwisha ikalala hivyo, inakufa. Ile 7 pia imepimwa kwa kuitoa polepole saa 20, ukivuta kwa nguvu hupati 7. Lithiamu ya chuma na fosfeti, seli nne ni 12.8, ndo ningeweka kila mahali kama mfuko ungeniruhusu, inavumilia kujazwa na kumalizwa mara nyingi sana kuliko hizi nyingine na ni ngumu zaidi kuwaka.

Sasa vijana nisikilizeni. Lithiamu sio ya kuchezea. Sijali umefunga ngapi bila kinga hazijawaka, moto haujui hesabu ya bahati zako. BMS, yaani bodi ya kulinda seli, ni lazima, ya idadi ya seli zako, sio ya tatu kwenye nne, na iwe inasawazisha volti za seli. Na BMS sio chaja! Hili mnanichosha nalo. BMS ni mlinzi tu wa mlangoni, chaja ni kitu kingine, kwa seli tatu ni chaja ya lithiamu ya 12.6 inayodhibiti mkondo na volti, sio adapta yoyote iliyokaa droo kwa sababu plagi imeingia. Fyuzi iwekwe karibu kabisa na chanya ya betri, sio kule kwenye ampli, maana waya ukichubuka katikati fyuzi ya kule haioni kitu. Na pasi ya kulehemu usiikandamize kwenye seli, joto linaiua kwa ndani, tumia vishikio vya plastiki au tafuta mwenye mashine ya kuchomea vipande vya nikeli. Mtu ananiambia hana muda, ila muda wa kuchora nembo yake kwenye sanduku anao, heshima kwanza jamani, ufundi ni heshima. Ulipuaji wa kazi ndo unafanya watu waseme betri ni za toi, na wanaposema hivyo wananisema na mimi.

Kingine, kapasita ya maikrofaradi 2200 au zaidi pale umeme unapoingia kwenye bodi, ya volti 25 kama uko kwenye seli tatu au nne, inasaidia besi isimeze volti. Waya nene na fupi inasaidia zaidi.

Na usipolitumia sanduku kwa muda mrefu usiliache limejaa wala limeisha, acha kila seli iwe kwenye volti 3.7 au 3.8 hivi, afu toa ile plagi ya betri kwenye bodi, maana moduli ya Bluetooth inanyonya kidogokidogo hata ukidhani umezima.