Vumbi la barafu na tope la ziwa: maswali yenu

Makala yangu kuhusu vumbi linaloingia kwenye maziwa ya Kangerlussuaq, magharibi mwa Greenland, na kuwa tope imeleta maswali mengi. Nimeyajibu haya.

Greenland ni barafu tupu. Vumbi linatoka wapi?

Barafu imefunika takriban asilimia 80 ya kisiwa, lakini kando ya pwani kuna ardhi iliyo wazi. Kangerlussuaq ni pakavu sana: mvua na theluji ya mwaka mzima haifiki milimita 200. Barafu kuu inapojongea huusaga mwamba ukawa unga, na maji ya kuyeyuka huutandaza unga huo kwenye mabonde kama Sandflugtdalen. Mto ukipungua, unga hukauka, na upepo mzito wa baridi unaoporomoka kutoka juu ya barafu huupeperusha.

Je, udongo wa huko haukutokana na mwamba wa palepale?

Kwa sehemu kubwa, hapana. Baridi na ukavu huchelewesha mno kuoza kwa mwamba. Udongo laini wa juu kwenye miteremko mingi ni vumbi lililonaswa na nyasi, mierebi mifupi na vichaka vingine, kidogo kidogo kwa maelfu ya miaka. Karibu na barafu ni mnene zaidi. Lakini zulia hilo la mimea likichanika, upepo huchota kila kitu hadi changarawe. Yapo makovu ya namna hiyo, hasa kwenye miteremko inayotazama kusini, na inasikitisha kuona akiba ya muda mrefu hivyo ikipotea.

Ziwa likiganda, vumbi linaingiaje?

Linatua juu ya barafu na kuzama barafu ikiyeyuka.

Kwa hiyo tope la chini ya ziwa linatueleza upepo wa kale ulivyovuma?

Linatueleza, ila tusilisome kwa pupa. Chembe nyingi haziendi ziwani moja kwa moja. Hutua mtelemkoni kwanza, hukaa humo karne nyingi, kisha maji ya theluji au mmomonyoko huzishusha. Tabaka lenye vumbi jingi huenda likamaanisha miaka ya upepo mkali, au likamaanisha mteremko uliobomoka wakati upepo umetulia. Tena udongo huo hushuka na kaboni yake ya zamani, hivyo ukipima tope lote kwa radiokaboni, yaani kukadiria umri kwa kaboni iliyomo, unaweza kupata umri mkubwa kuliko wa tabaka lenyewe. Ndiyo maana nasisitiza: anayetoboa sakafu ya ziwa achimbe pia mashimo kwenye miteremko inayolizunguka. Ziwa bila udongo wake ni ushahidi nusu.

Vumbi lina faida yoyote kwa viumbe?

Ndiyo. Maziwa hayo mengi yana upungufu wa virutubisho, na vumbi la mwamba hubeba fosforasi ambayo mwani huweza kuitumia.

Joto likipanda, vumbi litaongezeka?

Inategemea mahali. Mwaka 2016 huko Yukon, Kanada, barafu ya Kaskawulsh ilirudi nyuma kiasi kwamba maji yake yakageukia njia nyingine. Mto Slims ukanywea, Ziwa Kluane likashuka, na kitanda cha mto kilichokauka kikawa chanzo kikubwa cha vumbi. Kwingineko vichaka vinazidi kusitawi na kuushika udongo. Kila bonde lipimwe lenyewe: maji yake yanaelekea wapi, na mimea yake inashikilia nini.