Maswali ya wasomaji: Kapasita za chaja za magari ya umeme

Mwezi huu tumechagua barua nne zinazohusu kapasita, yaani vifaa vinavyohifadhi chaji ya umeme kwa muda, za chaja na za vifaa vingine vinavyofanya kazi kwa volti nyingi. Mbili zimefupishwa kidogo.

Swali: Ndugu mhandisi, salamu. Nimeletewa moduli ya kilowati 30 iliyotolewa kwenye chaja ya haraka ya magari. Inapokea umeme wa fezi tatu wa volti 415, na njia yake kuu ya DC (umeme unaotiririka upande mmoja) hufanya kazi kwa volti 800. Ndani nimekuta kapasita nne za elektroliti (aina yenye kimiminika ndani), kila moja ya mikrofaradi 470 na volti 450, zimefungwa mbili mbili kwa mfululizo. Tatu zimevimba vichwa. Madukani nimeona za mikrofaradi 1,000 na volti 450 kwa bei nafuu, na mwenzangu ananishauri niweke za filamu (zenye utando wa plastiki) za mikrofaradi 100 na volti 900. Nifuate lipi? — Fundi, Mombasa

Jibu: Ndugu Fundi, umetaja mikrofaradi na volti za kila kapasita, lakini kipimo kilichoziua hizo tatu hukukitaja, nacho huenda hakikuandikwa hata kwenye ganda lake. Ninazungumzia mkondo wa viwimbi, yaani ule unaoingia na kutoka ndani ya kapasita maelfu ya mara kwa sekunde kila transista, yaani swichi za kielektroniki, zinapofungua na kufunga. Kapasita ina ukinzani wake wa ndani, na mkondo huo unapopita hapo huzalisha joto kwa kanuni ya mkondo uliozidishwa kwa wenyewe mara ukinzani. Chukua kapasita yenye ukinzani wa omu 0.2 inayopitiwa na ampea 3: inapata joto la wati 1.8, ambalo ganda linaweza kulitoa. Elektroliti inapoanza kukauka, ukinzani huo hupanda, na ukifikia omu 0.6 joto huwa wati 5.4 katika ganda lile lile. Joto likizidi, ukaukaji huongezeka kasi, na mwisho wake ndio uliouona.

Kwa sababu hiyo, unapochukua karatasi ya maelezo ya mtengenezaji, anza na mstari wa mkondo wa viwimbi na uangalie ulipimwa kwa marudio gani na kwa nyuzi joto ngapi, kisha tazama saa za maisha. Kapasita mbili zinaweza kuandikwa nyuzi 105 zote, moja ikiwa ya saa 2,000 na nyingine ya saa 10,000. Kanuni inayotumiwa na wengi ni kwamba maisha ya elektroliti huongezeka maradufu kwa kila nyuzi 10 zinazopungua. Kiini cha kapasita kikikaa kwenye nyuzi 75, ile ya kwanza itadumu takriban saa 16,000, ambazo kwa chaja isiyozimwa hazifiki hata miaka 2, ilhali ya pili itadumu saa 80,000, yaani zaidi ya miaka 9. Na kabati la chuma lililosimama juani Mombasa halihitaji kazi kubwa kukifikisha kiini kwenye nyuzi 75. Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote, safisha mapezi ya kupoozea na uangalie kama feni inazunguka kwa kasi yake, maana kapasita mpya ndani ya kabati la moto itavimba kama zile za mwanzo.

Sasa kuhusu zile za mikrofaradi 1,000. Nne za kwako, kwa jinsi zilivyofungwa (jozi mbili za mfululizo zilizo sambamba), zinatoa jumla ya mikrofaradi 470, na kwa volti 800 zinahifadhi nishati ya takriban juli 150. Ukiweka za 1,000, jumla inakuwa mikrofaradi 1,000 na nishati inafika juli 320. Chaja inapowashwa, kapasita hujazwa kwanza kupitia rezista ndogo kabla ya kontakta kuu, yaani swichi kubwa ya umeme, kufunga, na rezista hiyo hupata joto linalokaribiana na nishati yote inayohifadhiwa. Iliyochaguliwa kwa juli 150 haikuahidi kubeba 320 kila inapowashwa. Ikikatika baada ya wiki mbili, mteja atarudi kwako, si kwa muuza kapasita.

Ushauri wa mwenzako una msingi mzuri, ila si kwa kazi hii. Kapasita za filamu ya polipropilini zina ukinzani mdogo sana wa ndani, hubeba ampea nyingi, na penye udhaifu hujiponya: utando mwembamba wa metali huungua kuzunguka tundu, na kapasita inaendelea na kazi ikiwa imepoteza chembe ndogo ya uwezo wake. Wabunifu wa chaja mpya za fezi tatu huzipenda kwa sababu mzigo wa fezi tatu zilizo sawa haupandi na kushuka sana, hivyo mikrofaradi chache hutosha. Lakini moduli yako ilibuniwa kwa mikrofaradi 470, na programu inayodhibiti volti zake ilirekebishwa kwa kiasi hicho. Ukishusha hadi 100 au 200, fezi moja ikidhoofika, jambo ambalo hapa kwetu si geni, volti za njia kuu zitayumba na moduli itajizima au kuunguza transista. Tazama pia kwamba filamu nyingi za volti 900 zinahesabiwa hivyo hadi nyuzi 85 tu. Juu ya hapo volti zinazoruhusiwa hupungua.

Weka basi elektroliti nne mpya za mikrofaradi 470, za saa nyingi na mkondo mkubwa wa viwimbi, na kama nafasi inaruhusu chagua za volti 500. Zibadilishe zote nne, hata ile ambayo haijavimba, na zitoke katika kundi moja la kiwandani. Sababu ni hii: kapasita ikiruhusiwa kutofautiana kwa asilimia 20, ukaziweka kwa mfululizo moja yenye asilimia 20 zaidi na nyingine yenye asilimia 20 pungufu, ile ndogo itachukua volti 480 kati ya 800 wakati wa kujazwa, nayo imeandikwa 450. Rezista za kusawazisha zilizo sambamba nazo husaidia baadaye, umeme unapotulia, kwa hiyo zipime pia, maana iliyokatika haionekani kwa macho. Kuhusu bei nafuu, sitalaumu duka lolote, ila nimewahi kufungua kapasita kubwa nikakuta ndani yake ndogo iliyofichwa. Ipime kwa mita ya kapasita inayoonyesha pia ukinzani wa ndani, na uilinganishe uzito na unayoiamini.

Swali: Ikiwa filamu ni bora kiasi hicho, kwa nini chaja iliyomo ndani ya gari lenyewe bado ina elektroliti? Na kapasita za seramiki zinafaa wapi? — Mwanafunzi, Dodoma

Jibu: Chaja ya ndani ya gari mara nyingi huchomekwa kwenye fezi moja nyumbani, na katika fezi moja nguvu haiji kwa mtiririko ulio sawa. Hushuka hadi sifuri na kupanda tena mara 100 kwa sekunde, kwa sababu umeme wetu una marudio 50 kwa sekunde, na kila rudio hupita sifuri mara mbili. Betri inataka nguvu tulivu, basi lazima pawe na ghala la kujaza mabonde hayo. Kwa chaja ya kilowati 6.6 yenye njia kuu ya volti 400, ukitaka volti ziyumbe kwa 20 tu kutoka kilele hadi bonde, gawanya 6,600 kwa zao la 314 (yaani 50 mara 2π), 400 na 20. Utapata takriban mikrofaradi 2,600. Filamu za kiasi hicho zingekuwa furushi kubwa na ghali mno kuliingiza ndani ya gari, ilhali elektroliti huweka mikrofaradi nyingi mahali padogo.

Seramiki hukaa karibu kabisa na transista, hasa hizi mpya za silikoni kabaidi zinazofunga kwa kasi kubwa. Mkondo unaobadilika kwa ampea 5,000 kwa mikrosekunde, ukipita kwenye njia yenye induktansi (tabia ya waya kupinga mkondo usibadilike) ya nanohenri 20, huzua mruko wa volti 100 juu ya volti zilizopo. Kapasita ndogo iliyo milimita chache kutoka kwenye transista hufupisha njia hiyo. Angalia aina tu. Seramiki ya X7R inasifiwa kwamba haibadiliki kwa zaidi ya asilimia 15, lakini sifa hiyo ni ya joto peke yake. Ukiiwekea volti za DC zinazokaribia kikomo chake, inaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wake. Aina ya C0G haina tabia hiyo, na ndiyo inayofaa katika saketi za mwangwi (zinazoyumbisha umeme kwa marudio maalumu) ndani ya chaja, ambako filamu ya polipropilini nayo hutumika. Seramiki kubwa pia hupasuka bodi ikipindishwa, na ikipasuka huweza kuunganisha ncha zake mbili moja kwa moja.

Swali: Nina chaja nane za pikipiki za umeme kwenye laini moja. Swichi ya RCD, ile inayokata umeme unapovuja, ilikuwa inajizima ovyo. Fundi ameondoa kapasita ndogo za buluu zilizokuwa zikielekea kwenye waya wa ardhi, na tatizo limeisha. Kuna ubaya? — Mwenye kituo, Dar es Salaam

Jibu: Upo, naomba zirudishwe. Hizo ni kapasita za daraja la Y, kazi yake ni kupeleka kelele za umeme za marudio makubwa ardhini zisirudi kwenye laini. Kapasita ya nanofaradi 4.7 kwa volti 230 huvujisha takriban miliampea 0.34, chaja nane zitatoa kama miliampea 2.7. Swichi ya miliampea 30 haipaswi kujizima kabla ya 15. Maana yake, palikuwa na uvujaji mwingine, pengine unyevu katika chaja moja au waya uliochubuka, na fundi amepunguza dalili ukabaki ugonjwa. Chomoa zote, rudisha moja moja, utaipata yenye hitilafu. Ikiwa RCD inajizima tu umeme unaporudi baada ya kukatika, chaja nane huwaka kwa pamoja, na dawa ni kuzigawa kwenye swichi mbili.

Zitakaporudishwa ziwe na alama ya Y1 au Y2 na kiwango cha IEC 60384-14. Y2 hujaribiwa kwa mshtuko wa volti 5,000 na Y1 kwa volti 8,000, kwa sababu ikishindwa na kuunganisha, ganda la chaja linakuwa na umeme na mteja wako ndiye atakayeligusa. X2 ni ya kati ya laini na nyutro, usikubali iwekwe mahali pa Y. Na kwa hewa yenu ya pwani, tafuta X2 zilizojaribiwa kwa nyuzi 85 na unyevu wa asilimia 85, kwani unyevu hula ule utando wa metali polepole.

Swali: Nimezoea kutoa chaji ya kapasita kwa kugusisha bisibisi. Kwa volti 800 nifanyeje? — Fundi mwanagenzi, Nakuru

Jibu: Bisibisi iache kabisa. Juli 150 zikitoka kwa mpigo huyeyusha chuma na kurusha vipande usoni. Tumia rezista ya waya ya kiloomu 10, wati 50, inayohimili volti 1,000, yenye nyaya na vishikio vya mpira. Kwa mikrofaradi 470 volti zitashuka chini ya 60, kikomo kinachotumiwa katika usalama wa magari ya umeme, kwa muda wa sekunde 12 hivi. Wewe shikilia dakika nzima, kisha pima kwa multimita ya daraja la usalama la CAT III, volti 1,000. Ukimaliza, funga waya kati ya ncha mbili za kapasita na uuache hapo muda wote unaofanya kazi, kwa sababu kapasita za volti nyingi hurudisha sehemu ya chaji zenyewe baada ya kuachwa wazi.