Kwanza ujue umechoka wapi

Mhariri, wiki hii mmetuuliza tunafanya nini kwa makusudi ili kupumzika na kurudisha nguvu. Mimi huanza kwa kujiuliza nimechoka wapi. Kazi yangu ni uhasibu: kutwa nzima macho yako kwenye tarakimu na mgongo umepinda. Mtu wa kazi hii akijilaza na simu mkononi, mwili umelala lakini macho na akili bado viko kazini, vinasoma, vinachagua, vinajibu. Aliyeshinda akibeba zege anakihitaji kitanda. Mimi nahitaji kuamsha miguu.

Kwa hiyo natembea bila simu na macho nayapeleka mbali. Msuli wa ndani ya jicho hukaza tunapotazama kitu cha karibu, na hulegea tukitazama mbali. Nikifika kona ya pili hata mabega huwa yameshuka.

Kazi ngumu zaidi ni kuiachia kazi yenyewe. Mwaka 2007 watafiti Sabine Sonnentag na Charlotte Fritz walitaja mambo manne yanayomrudishia mfanyakazi nguvu baada ya kazi: kuitoa kazi akilini, kutulia, kujifunza jambo linalompa changamoto, na kuwa na uamuzi juu ya muda wake. Hilo la kwanza ndilo linalotusumbua sisi wa ofisini, maana unafunga kompyuta na hesabu zinakufuata hadi mezani kwa chakula. Dawa yangu ni kikaratasi. Kabla sijainuka naandika nilipoishia na nitakapoanzia: “Safu ya tatu hailingani, anza na risiti za tarehe 14.” Nakiweka chini ya kibodi. Akili hung’ang’ania jambo lililoachwa nusu, na ikishajua limeandikwa mahali, hulegeza kamba.

Usingizi wa mchana, dakika 20 zinanitosha. Ukipitiliza nusu saa unaweza kuzama kwenye usingizi mzito, ukaamka kichwa kinakuelemea. Kahawa nakunywa asubuhi tu. Tukiwa macho, kemikali iitwayo adenosini hujilimbikiza kwenye ubongo na kutuletea usingizi. Kafeini iliyo kwenye kahawa huizuia isifanye kazi hiyo, na kwa wengi nusu yake huwa bado iko mwilini baada ya saa 5 hivi. Uchovu upo palepale, umefunikwa tu.

Lakini haya yote ni ya mtu mwenye nafasi. Anayelea mtoto mchanga au kuuguza mgonjwa hana pa kuanzia kama hakuna wa kumpokea, na inaniuma kusikia akiambiwa “jitahidi upumzike.” Ajitahidi vipi? Sisi tulio karibu naye ndio tunaopaswa kumtajia siku na saa tutakayofika, tufike kweli, tumshike mtoto, na tusimwamshe kuuliza nepi ziko wapi.